Mvua na Vifaru vya Mawe

Machi 10, Jumatatu

Mvua imefika leo mchana. Matone ya kwanza yaliangukia vumbi la mawe uani, na kabla sijaanua nguo uwanja wote ulikuwa uji. Nimeokota daftari la Sheila lenye kurasa safi. Binti yetu yuko chuoni Eldoret na hatalidai. Nyumbani tunaongea Ekegusii, lakini Kiswahili nilikipenda tangu shule kule Gesima, nilikokuwa nikichuma majani chai huku natunga insha kichwani hadi mama aniite mara ya tatu ndipo nisikie. Mwalimu alisema nina kalamu nzuri. Kisha nikaolewa Tabaka, nikawa msugua mawe, na kalamu ikalala.

Basi niseme jinsi mambo yalivyo huku. Kikundi chetu kina kibanda cha mabati kando ya barabara. Wanaume huketi chini ya mabati na patasi zao wakichonga. Sisi wanawake tuko nje kwenye makarai: tunaosha, tunasugua kwa msasa, tunapaka nta. Mvua ikinyesha tunajifunika nailoni. Hakuna aliyeitunga sheria hiyo na hakuna anayeivunja. Mume wangu Nyakundi anakaa katikati ya kibanda, pale alipokaa baba yake, marehemu Ombui, kwa sababu hakuna mkono kama wake Tabaka nzima. Sisemi hivyo kwa kuwa ni wangu. Hata wanaomwonea wivu wanasema.

Machi 12

Sabir amekuja kutoka Kisii mjini. Ana duka la vinyago, na baba yake alikuwa akinunua kwa Ombui, kwa hivyo yeye na Nyakundi wanaitana ndugu. Alikuwa na picha kwenye simu, za kale, za rangi ya majivu: vifaru vya jeshi la Amerika, vilivyotumika baada ya vita kuu ya kwanza na kabla ya ile ya pili. Mama mmoja mzee wa huko, ambaye baba yake alikuwa dereva wa kifaru, anataka vifaru vinne vya mawe, kila kimoja na askari wake. Mwezi wa Juni watoto na wajukuu wa askari hao watakutana, naye anataka viwe mezani.

Kibandani walicheka. Thadeus, mwenyekiti wetu, alisema vifaru anavyovijua yeye vina pembe na vinakula majani. Nyakundi peke yake hakucheka. Aliichukua simu akaisogeza karibu na uso, karibu sana, hata nikadhani anataka kuinusa. Akasema, "Tutachonga."

Machi 13

Mvua. Mboga zangu za chinsaga zimelala chini zote.

Machi 16

Nimeziangalia picha siku nzima. Sabir alizituma kwenye simu yangu kwa kuwa ya Nyakundi ni ya kupiga na kupokea tu.

Kifaru cha kwanza ni kidogo, cha watu wawili. Dereva ameketi mbele, mwenzake amesimama nyuma yake, kichwa kimeingia ndani ya mnara. Cha pili ni kikubwa ajabu, cha watu kumi, na mnyororo wake unauzunguka mwili mzima. Cha tatu kinaweza kuvua minyororo kikakimbia kwa magurudumu kama lori. Cha nne kina minara miwili iliyokaa bega kwa bega.

Sabir anasema vile vidogo vilichelewa. Vilitengenezwa vita vikiisha, vikafika kila kitu kimekwisha. Askari wake wakabaki navyo miaka na miaka, wakizunguka uwanja uleule, wakifunga kwa waya kilicholegea, serikali yao ikiwa haina habari nao. Jambo hilo limenikaa. Jioni nilipokuwa nikipepeta wimbi niliwaona wawili wamesimama karibu na migomba, wameshika kofia mikononi, wanalowa. Nilitaka kuwaambia waingie. Kisha ikawa ni migomba tu.

Machi 19

Nyakundi amehamishia kazi nyumbani. Kibandani amesema mvua inapenya mabati pale anapokaa, na mimi nimesema hivyohivyo nilipoulizwa. Lakini nilikaa pale juzi kumpelekea chai na sikuona tone hata moja.

Amesema nitakuwa nikimsomea picha. Nikamuuliza picha inasomwaje. Akasema, "Niambie tu ulichoona. Macho mawili yanachoka."

Machi 22, Sabato

Mahubiri yalikuwa marefu na mvua ilikuwa inapiga mabati ya kanisa hata mchungaji akawa anafungua kinywa bila sauti. Askari wangu walikuwa kwenye benchi la nyuma. Wamezoea kelele, kwa hivyo walitulia kuliko sisi wote. Mmoja alikuwa amelala.

Machi 27

Kifaru kidogo kimekwisha. Ni kizuri, kina uzito wake mkononi, kimetoka kwenye jiwe jeupe lenye mshipa wa waridi. Nimekisugua mwenyewe leo na kuna kitu kimenisumbua. Upande wa kulia mnyororo una meno yaliyopangika vizuri. Upande wa kushoto meno yamefuatana kama watu waliolewa. Nyakundi hajawahi kufanya hivyo hata akiwa mgonjwa. Nimeyasawazisha kwa tupa, kidogo kidogo, bila kumwambia.

Machi 30

Wifi yangu Mong'ina, ambaye ndiye mkubwa wetu kwenye makarai, alikuja kuangalia picha. Tulibishana juu ya kofia. Askari wa kifaru chenye minara miwili wamevaa kofia za ngozi zenye mviringo mnene kuzunguka kichwa. Mong'ina akasema hiyo ni kata, tena imesokotwa vizuri, na hawa wanaume walikuwa wakibeba mzigo kichwani kama sisi tukitoka kisimani. Nikaona ana haki. Nyakundi naye akakubali, akauliza imesokotwa kwa kitu gani, nikamwambia inaelekea ni maganda ya mgomba. Basi ameichonga hivyo, na misokoto yake yote.

Aprili 3

Amekata mzinga.

Alikuwa akichonga mnara wa kushoto wa kifaru cha nne, na kwa pigo moja la patasi mzinga wote ukaanguka mapajani mwake. Aliushika akakaa nao. Akasema jiwe lilikuwa na ufa ndani. Niliokota kile kipande nikakitazama mwangani. Hakikuwa na ufa. Kilikuwa safi kama kiini cha muhogo.

Aprili 6

Anamimina chai pembeni ya kikombe. Anaipapasa patasi mahali isipokuwa. Jana alimsalimu Machogu, jirani yetu na mchongaji mwenzake, kwa jina la mtu mwingine, Machogu akadhani ni utani, akacheka. Mimi sikucheka. Nimekuwa nikijua na kukataa kujua, kama mtu aliyesikia mlango ukigongwa na hataki kuamka.

Aprili 8

Leo nimemuuliza. Ilikuwa mchana, mvua imekatika kidogo, amekaa mlangoni na jiwe jipya miguuni. Nilinyoosha vidole vitatu upande wake wa kushoto nikauliza ni vingapi. Hakukasirika kama nilivyotarajia. Aliiweka patasi chini.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu mwaka juzi. Giza lilianza pembeni. Kama mtu anafunga mlango polepole, na wewe uko ndani."

Nilimwambia angenieleza. Akasema angenieleza nini, niwe ninamtazama kama tulivyokuwa tukimtazama baba yake? Nilipoolewa hapa nilimkuta Ombui ameshapofuka. Mwanzo watu walimpitia kumsalimu, wachongaji walimletea mawe ayashike. Kisha wakapungua. Alikuwa akikaa na uso wake ukielekea ukuta, tunamletea ugali, anakula, anarudisha sahani. Mwaka wake wa mwisho hakusema neno na mtu. Alikufa akiwa hapo ukutani na tulichelewa kutambua, kwa sababu hakukuwa na tofauti.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humfichua. Nilitaka kumtupia methali hiyo, lakini alinitangulia kwa neno moja. Alisema, "Naogopa." Miaka yote niliyoishi na mwanamume huyu sijawahi kumsikia akilitamka. Nilikaa chini kwenye tope karibu naye, na gauni langu safi, nikamshika goti. Mimi pia naogopa. Siogopi macho yake. Naogopa ule ukuta.

Aprili 9

Sikuandika vizuri jana kwa kulia. Nimesema tutakwenda hospitali. Amekubali kwa sharti kwamba kibandani wasijue hadi vifaru viishe. Anataka kazi hii aimalize mwenyewe, kwa mkono wake.

Aprili 14

Kisii mjini. Daktari ni msichana mpole wa umri wa Sheila kidogo zaidi. Ni presha ya macho, imeingia kwa ukoo, na huenda ndiyo iliyompata Ombui. Alisema kilichopotea hakirudi. Dawa ya matone italinda kilichobaki, ikiwa itatiwa kila siku bila kukosa. Jicho la kushoto limekwisha. La kulia linaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba.

Tuliporudi ukungu ulikuwa umefunika mabonde yote na Nyakundi akaniuliza kama ni macho yake au ni ukungu. Nikamwambia ni ukungu. Akasema, "Basi leo tuko sawa."

Aprili 17

Sabir amepita na ujumbe wa sauti kutoka kwa yule mama wa Amerika. Sauti yake ni nyembamba na anacheka katikati ya maneno. Sabir alikuwa akitufasiria.

Anasema ndani ya kifaru kidogo kelele ya injini ilikuwa kubwa hata mtu hakuweza kumsikia mwenzake aliye karibu naye hivi. Dereva aliona mbele kupitia tundu dogo tu. Aliyeona ni yule aliyesimama mnarani nyuma yake. Kwa hivyo walizungumza kwa miguu. Mwenzake akimgusa dereva mgongoni kwa buti, ni twende. Begani kulia, kata kulia. Begani kushoto, kushoto. Kichwani, simama. Baba yake alipozeeka na kuwa kiziwi, walikuwa wakimgusa begani mezani, naye anageuka upande huo bila kuuliza, anapokea sahani.

Sabir aliuliza kuhusu zile kofia. Alikuwa amemtumia mama huyo picha ya kifaru chetu chenye minara miwili, kilichorudishiwa mzinga wake kwa kipande cha kupachika, na mama akauliza kwa nini kofia zimesokotwa. Tukaeleza kata ni nini. Baada ya kitambo jibu likaja: ziachwe hivyohivyo, baba yake angefurahi kuwa na kitu cha kubeba.

Aprili 21

Leo nilikuwa nimekaa kwenye kiti kirefu nyuma ya Nyakundi nikimenya ndizi, naye chini kwenye kigoda anachonga kifaru cha magurudumu. Patasi ilikuwa inakwenda kushoto mno, inakaribia gurudumu. Mikono yangu ilikuwa na utomvu. Bila kufikiri nikamgusa bega la kulia kwa kidole cha mguu.

Patasi ikahamia kulia.

Kisha nikamgusa mgongoni, akaendelea. Nikamgusa kisogoni, akasimama. Alicheka mpaka akalazimika kuweka jiwe chini. "Mama Sheila, ungekuwa askari hatari," akasema.

Tumefanya kazi hivyo hadi ng'ombe wakarudi. Ndizi hazikupikwa.

Aprili 24

Mgongoni, begani, kisogoni. Mvua haijakatika. Kuna wakati siioni tena nyumba yetu. Tuko wawili ndani ya kitu kinachotetemeka, mabati yananguruma juu, na mbele kuna tundu dogo la mwanga. Sijui tunakwenda wapi. Nina furaha ambayo naionea haya, maana imetokana na msiba wake.

Aprili 25

Mong'ina aliingia bila kubisha hodi akanikuta na mguu juu ya bega la kaka yake. Aliniomba chumvi akaondoka na chumvi.

Aprili 28

Sasa makarai yote yanajua kwamba nimemkalia mume wangu kichwani. Mong'ina amesema kwao mwanamke akimwekea mumewe mguu, mlangoni hapakai baraka. Kwao ni kwangu pia, nimeishi hapa kuliko nilivyoishi Gesima. Siwezi kujitetea bila kuyataja macho, na macho nimeapa sitayataja. Basi nimekuwa mke mbaya. Nimesugua tembo kumi nikiwa mke mbaya, na wametoka laini tu.

Mei 2

Machimbo yameporomoka upande wa juu. Mungu amesaidia, hakukuwa na mtu. Thadeus amesema hakuna jiwe litakalotoka hadi ardhi ikauke. Jiwe letu la kifaru kikubwa tulishalileta, liko chini ya gunia jikoni. Likipasuka hatuna lingine.

Mei 6

Tumeanza kikubwa. Nilidhani tutachonga mwili wa kifaru na vichwa vitakavyochungulia kwenye matundu, basi. Nyakundi amekataa. Baba yake alikuwa na kanuni kwamba mtu hachongwi nusu. Ukichonga kichwa na kifua ukaacha miguu ndani ya jiwe, umemfunga. Kwa hivyo tutafukua tumbo la kifaru kutoka chini, na ndani tuwachonge askari kumi wazima, na miguu yao na mabuti yao, wakiwa wameshikana na jiwe lilelile.

Nikamuuliza ni nani atakayewaona humo ndani. Akasema wao wataonana.

Kuta zikibaki nene, hapana nafasi ya watu. Zikiwa nyembamba mno, zitapasuka. Nimelitazama lile jiwe kama ninavyotazama sufuria ya maziwa motoni.

Mei 9

Askari wawili wametoka. Wana nyuso za kwetu, pua za ukoo wa Ombui. Sijamwambia.

Mei 13

Mguu wangu haufai kitu humo ndani. Mkono wake unaingia kwenye tundu na mimi sioni unachofanya, naye haoni, na nikimgusa begani huwa nimechelewa. Leo alimkata askari wa tatu mkono. Aliutoa ule mkono mdogo akauweka kiganjani, akaupapasa kwa kidole gumba. Kisha akasimama, akaosha mikono, akasema amechoka.

Mei 14

Amekaa. Nilimpelekea uji. Ameurudisha nusu.

Mei 15

Amegeuza kigoda. Uso wake umeelekea ukutani.

Mei 16

Nilimwita akaitikia, lakini kwa sauti ya mtu aliye nyumba nyingine. Nimemtia matone. Amefumbua jicho, amefumba, kama anayelipa ushuru. Nilimwambia tumweleze Sabir vifaru vitatu vinatosha. Akasema nifanye ninavyotaka.

Nilitoka nje nikasimama kwenye mvua. Askari walikuwa kila mahali leo, kwenye migomba, kwenye njia ya choo, wamekaa juu ya mawe yasiyochongwa. Miaka na miaka wakingoja waambiwe waende, hakuna wa kuwaambia. Nilikasirika. Niliwakasirikia wao, na Ombui aliyekufa kimya, na kibanda, na mimi mwenyewe niliyejifunika nailoni miaka yote hiyo nikisema ndivyo ilivyo.

Nilirudi jikoni. Nikachukua patasi.

Mei 17, Sabato

Sikugusa kazi. Lakini kanisani mikono yangu ilikuwa inachonga mapajani.

Mei 18

Sikujua kwamba najua. Mikono yangu imepita juu ya kila mnyama aliyetoka Tabaka. Namjua tembo nyuma ya sikio kuliko aliyemchonga. Nilichokuwa sijui ni kuanza, pale ambapo hakuna kitu na patasi lazima iingie. Huko kunatisha. Nilianza na buti, kwa kuwa buti ni kama kiazi. Kutoka buti nikapanda mguu. Nimemgeuza yule askari wa tatu akawa ameegemea ukuta, na mkono uliokatika umekuwa nyuma ya mgongo.

Nyakundi yuko chumba cha pili. Nimefunika patasi kwa kitambaa ili isilie. Naogopa kwamba akisikia mkono wa mwanamke juu ya jiwe lake, nitakuwa nimemmaliza.

Mei 20

Niandike pole pole, nisiharibu.

Asubuhi kitambaa kilikuwa kimelowa nikakitoa. Nilikuwa nikifukua upande wa nyuma wa kifaru, kumtengenezea askari wa sita mahali pa kukaa. Patasi ilikuwa ikilia, tak, tak, nami nimezama. Nimewaona wote humo ndani, joto la injini, jasho, mmoja anapitisha chupa ya maji. Sikusikia hatua. Nilihisi tu mkono kichwani.

Nilisimama. Nilidhani atanipokonya patasi.

"Ukuta umebaki mwembamba," Nyakundi akasema. "Ungepiga tena mara moja ungetokea nje."

Nikamuuliza amejuaje na haoni. Akasema amekuwa akinisikiliza tangu siku ya kwanza, kitambaa au bila kitambaa. Jiwe nene linalia kifuani, jiwe jembamba linalia kooni. Alidhani kila mtu anajua. Sikuwahi kujua, maana msasa hauna sauti mbili. Alivuta kile kiti kirefu, akakaa nyuma yangu, akavua kiatu. Mguu wake ulikuwa wa baridi na una tope. Akaniwekea mgongoni akanisukuma kidogo.

Nililia huku nachonga. Yeye alikuwa anasikia, na nilipozidi kulia aligusa kisogo nikasimama, akanipa leso, kisha mgongoni tena.

Mei 21

Sita, saba.

Mei 23

Wa nane. Nyakundi amekula ugali wote akaomba mwingine. Anaongea kupita kiasi. Nilikuwa nimesahau jinsi mtu huyu anavyoweza kusema upuuzi.

Mei 27

Kumi. Wamekamilika, wazima, mabuti na kata zao. Tulikigeuza kifaru juu, kikakaa mezani, hakuna anayeonekana isipokuwa vichwa viwili. Nimekisugua, nimekipaka nta. Hakijapasuka.

Mei 30

Sabir alikuja na masanduku. Thadeus alikuja naye, pamoja na Machogu, kukagua kabla mzigo haujatoka kwa jina la kikundi. Walikigeuza kifaru kikubwa chali, wakamulika ndani kwa simu. Kisha Thadeus akampigapiga Nyakundi mgongoni akasema, "Ndugu yangu, mkono wako haujazeeka. Baba yako angekuonea fahari."

Nilisimama mlangoni na birika la chai. Nilimtazama Nyakundi. Aliinamisha kichwa, akanyamaza, akanyoosha mkono apewe kikombe.

Nikamimina chai.

Mei 31, Sabato

Nimekasirika na sitaki kuambiwa nisikasirike siku ya Sabato. Sikutaka ngoma wala vigelegele. Nilitaka neno moja. Nilimficha aibu yake, nikaitwa mke mbaya, na yeye anapokea sifa yangu akiwa ameketi. Hajasema lolote tangu jana. Nimemtia matone bila kumpuliza jicho kama ninavyofanya siku zote.

Juni 1

Mvua kidogo. Kutwa nzima alikuwa kwa Machogu akigongagonga mbao. Sikuuliza.

Juni 3, Jumanne

Asubuhi alisema nimpeleke kibandani. Nilimwambia njia anaijua. Akasema anaijua, lakini anataka twende pamoja. Aliniwekea mkono begani na kwapani alibeba kitu kimefungwa gunia. Njia ilikuwa na utelezi na mara mbili nilitaka kumpokea, akakataa.

Wote walikuwepo. Wanaume walimlaki, wakasogeza mawe apite hadi mahali pake pa katikati. Wanawake walikuwa kwenye makarai, Mong'ina akinitazama kwa pembe ya jicho. Nilimwachilia Nyakundi, nikageuka niende kwenye karai langu. Nilikuwa bado nimenuna.

"Mama Sheila, ngoja," akasema.

Alitafuta kigoda chake kwa mguu, akakipata, lakini hakukaa. Alisema mbele ya wote kwamba macho yake yamekwisha, la kushoto kabisa na la kulia karibu, na kwamba alinikataza kusema, kwa hivyo waliyoyasema juu yangu wayarudishe walikoyatoa. Alisema kile kifaru kikubwa walichosifu, wawili wa kwanza ni wake, wanane ni wangu. Alisema Ijumaa ulimi ulimganda, na hajalala vizuri tangu siku hiyo. Mong'ina alikuwa ameacha kusugua. Mvua ilisikika juu ya mabati.

Kisha akafungua gunia. Ndani mlikuwa na kigoda kipya, kimechongeka vibaya, miguu haijalingana, kazi ya mtu anayepapasa. Akakiweka katikati, ubavuni mwa chake, akasukuma mawe ya Machogu kwa mguu.

Thadeus alikohoa. Hakusema kwa ubaya, yeye ni mtu wa taratibu. "Nyakundi," akasema, "hii pande ni ya wachongaji."

"Najua, Thadeus. Ndiyo maana nimemletea kiti."

Nilivua nailoni. Nikapita katikati yao, nikakaa.